Mhandisi wa Mtwara anahamishiwa Aberdeen: viza ipi, na kwa nini fundi mwenzake haingii humo

Swali: Habari za kazi. Mimi ni afisa utumishi wa kampuni inayokagua na kutengeneza mitambo ya gesi hapa Mtwara. Kampuni mama ipo Aberdeen, Uingereza, na inataka tuwapeleke watu wawili. Wa kwanza ni mhandisi mitambo, tunaye mwaka wa tatu sasa, atakwenda kwa miaka mitatu pamoja na mke na watoto wawili. Wa pili ni fundi wetu mkuu wa mita na vifaa vya upimaji. Huyu yuko kwenye mitambo yetu mwaka wa nne, ila tulimwajiri moja kwa moja miezi minane tu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa chini ya wakala. Je, wote watumie viza ileile? Nianzie wapi, na niwaambie Aberdeen wawatarajie lini?

Jibu: Ndugu afisa, nashukuru umelitaja hilo la wakala bila kuficha, maana ndilo linaloamua sehemu kubwa ya jibu.

Mhandisi wako anaweza kwenda kwa viza ya uhamisho wa ndani ya kampuni. Fundi hawezi kupita njia hiyo, na ana vikwazo viwili: hata ukiondoa kimoja, cha pili kinabaki palepale. Hata hivyo, kama anachokwenda kufanya ni mafunzo au kazi ya majuma kadhaa, ipo njia nyingine halali tena ya gharama ndogo. Tuanze na mhandisi.

Uingereza iliifunga viza ya zamani ya Intra-company Transfer tarehe 11 Aprili 2022 na kuweka mfumo wa Global Business Mobility wenye matawi matano. Linalomhusu mhandisi wenu linaitwa Senior or Specialist Worker. Litajeni kwa jina hilohilo kwenye barua pepe zenu na Aberdeen, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye leseni na kwenye fomu, na mkiandika tu "viza ya kazi" mtajikuta mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Swali la kwanza la kuwauliza Aberdeen ni hili: leseni yenu ya udhamini, yaani kibali cha kuleta wafanyakazi kutoka nje, ina tawi la Senior or Specialist Worker? Ofisi nyingi zina leseni ya Skilled Worker, ile ya viza ya kazi ya kawaida, na hudhani inatosha. Haitoshi. Tawi hili huongezwa kwa ombi la pekee, na mpaka liongezwe hawawezi kumtolea mhandisi wenu cheti cha udhamini, yaani hati ya mwajiri anayoombea viza. Wasipokuwa na leseni yoyote, hesabu hadi wiki nane za kusubiri katika hali ya kawaida, na ada ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 574 kwa kampuni ndogo na 1,579 kwa kubwa. Usimruhusu mhandisi auze gari wala kuvunja mkataba wa nyumba kabla hujaliona jibu la swali hili kwa maandishi.

La pili ni undugu wa kampuni zenyewe. Kuwa na jina moja au nembo moja hakuthibitishi kitu. Mamlaka ya uhamiaji ya Uingereza hutaka kampuni hizi ziunganishwe na umiliki au udhibiti mmoja: moja iwe na zaidi ya nusu ya hisa za nyingine, au zaidi ya nusu ya kura kwenye mkutano mkuu, au uwezo wa kuamua nani anakaa kwenye bodi. Kwa kampuni za gesi za Kusini hapa pana jambo la kuangalia. Sheria ya Petroli ya 2015 inasukuma watoa huduma wa kigeni kushirikiana na Watanzania, kwa hiyo kampuni nyingi za Mtwara na Lindi ni za ubia. Kampuni ya ubia ambayo Aberdeen ina hisa chache ndani yake inahitaji ushahidi wa ziada wa udhibiti. Chukua taarifa mpya ya kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inayoonyesha wanahisa na wakurugenzi, iweke kwenye faili, kisha watumie nakala. Kama hisa zilibadilika mikono mwaka huu na BRELA hawajaarifiwa, rekebisheni hilo kwanza.

La tatu ni miezi 12. Mwombaji awe bado ni mwajiriwa wa kundi la kampuni siku anayoomba, na awe amelifanyia kazi nje ya Uingereza kwa jumla ya miezi isiyopungua 12. Likizo ya uzazi au ya ugonjwa haivunji mwendelezo wa ajira. Kuacha kazi na kurudi kunauvunja. Sharti hili la miezi 12 huondolewa kwa mtu atakayelipwa pauni 73,900 au zaidi kwa mwaka, kiwango ambacho kwa nafasi nyingi si rahisi kukifikia.

Ushahidi wa miezi hiyo ni slipu za mshahara na taarifa ya benki zinazosomeka pamoja. Chukua slipu ya mwezi mmoja, tuseme ya Machi. Mstari wa mwisho una kiasi alichobaki nacho baada ya makato ya kodi ya mshahara (PAYE), mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na mkopo wa bodi ya elimu ya juu kama anao. Kiasi hichohicho, bila kupungua hata shilingi, kionekane kimeingia kwenye akaunti yake ya NMB au CRDB, na jina la mlipaji liwe la kampuni yenu. Fanya hivyo mwezi kwa mwezi kwa miezi yote 12. Ukikuta mwezi ambao sehemu ya mshahara ilitumwa kwa simu au ilitolewa taslimu, usitengeneze slipu mpya ili ilingane na benki. Andika barua ya maelezo iliyosainiwa na mhasibu, na uambatishe rekodi ya muamala. Slipu ya kubuni ikigundulika huhesabiwa kuwa udanganyifu, na udanganyifu kwenye ombi la viza ya Uingereza unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Mfanyakazi ndiye atakayeadhibiwa, wakati slipu umeitengeneza wewe.

Sasa kazi yenyewe. Uingereza inazipanga kazi zote kwa namba za misimbo, na tawi hili linapokea tu misimbo ya ngazi ya shahada. Wahandisi mitambo wako kwenye msimbo 2122, ambao unaingia. Wengi hapa huchanganya: kinachopimwa ni ngazi ya kazi. Mwombaji hadaiwi cheti cha shahada, wala shahada haimpandishi mtu ambaye majukumu yake ni ya ngazi ya chini. Kwa hiyo kaa na mkuu wa idara, andikeni anachokwenda kufanya Aberdeen kwa vitenzi: anasanifu nini, anakokotoa nini, anaidhinisha nini, nani wako chini yake. Maelezo yenye "kusaidia", "kushiriki" na "majukumu mengine atakayopangiwa" hayamwonyeshi mhandisi, na afisa anayesoma ana haki ya kujiuliza kama nafasi hiyo ipo kweli.

Mshahara ndio mtihani mgumu. Tangu 22 Julai 2025 kima cha chini cha tawi hili ni pauni 52,500 kwa mwaka kabla ya makato, sawa na pauni 4,375 kwa mwezi. Pamoja na hicho kuna kiwango mahsusi cha kila msimbo, kinachohesabiwa kwa saa 37.5 kwa wiki, na mwombaji lazima afikie kilicho kikubwa kati ya viwili. Akifanya kazi saa nyingi kuliko hizo, kiwango cha msimbo kinapanda kwa uwiano, na malipo ya saa zinazozidi 48 kwa wiki hayahesabiwi kabisa. Kampuni za gesi zenye ratiba za zamu ndefu ziwe makini hapo.

Kwa mazoea yetu ya Tanzania hesabu hii huwa na mtego. Tumezoea mshahara wa msingi mdogo na juu yake posho nyingi: nyumba, usafiri, mazingira magumu, kujikimu, simu. Uingereza inaangalia malipo yaliyohakikishwa kwa muda wote wa uhamisho. Posho iliyoandikwa kwenye mkataba, italipwa kila mwezi bila sharti, inaweza kuingia kwenye hesabu. Bonasi, malipo ya saa za ziada, pesa ya kujipanga inayotolewa mara moja, na fedha za kurejesha gharama alizotumia safarini haziingii. Kwa hiyo jedwali lako la malipo liwe na safu mbili, ya kilichohakikishwa na ya kisichohakikishwa, na ya kwanza peke yake ivuke 52,500 kwa nafasi ya kupumulia. Kama sehemu ya mshahara itaendelea kulipwa Mtwara kwa shilingi, itageuzwa pauni kwa kiwango cha siku cheti kinapotolewa. Mshahara uliopangwa ukae sawasawa kwenye mstari huanguka shilingi ikishuka kidogo tu, na kosa hilo linaepukika kwa kuongeza asilimia chache mwanzoni. Binafsi napendelea malipo yote yafanywe na Aberdeen kwa pauni; hesabu inakuwa moja na maswali yanapungua.

Tuje kwa fundi.

Kikwazo chake cha kwanza ni miezi minane. Ile miaka ya nyuma aliyovaa ovaroli yenu, akapokea amri za msimamizi wenu na kupanda basi lenu kila asubuhi, mkataba na mshahara wake vilitoka kwa wakala. Wakala si sehemu ya kundi la kampuni zenu, kwa hiyo kwa hesabu ya viza hakuwa wenu. Naona uchungu wake, kwa sababu mafundi wengi wa Kusini walio kwenye mitambo wameajiriwa kwa mtindo huu na hawajui kwamba unawagusa hata huku. Miezi minne ijayo sharti hili litatimia.

Kikwazo cha pili hakitaondoka kwa kusubiri. Mafundi wa uhandisi wako kwenye msimbo 3113, ambao uko chini ya ngazi ya shahada, na Senior or Specialist Worker haiupokei. Umahiri wake haupunguzi uzito wa kanuni hii. Utashawishika kumbadilishia cheo awe "mhandisi wa vifaa vya upimaji" ili msimbo ubadilike. Usifanye hivyo kama kazi yake haibadiliki. Maafisa hulinganisha cheo na majukumu, na majukumu na mkataba wa sasa. Mkataba wa Mtwara ukisema fundi, ombi likisema mhandisi, na mshahara ukiruka mara kadhaa, viza inakataliwa na leseni ya Aberdeen inaweza kuchunguzwa. Hapo hata mhandisi wako halali ataingia matatani pamoja naye.

Kwa hiyo rudi kwa Aberdeen uulize: fundi mnamtaka kwa kazi gani, na kwa muda gani? Kama jibu ni "aje ajifunze mita mpya tunazotaka kuzifunga Mtwara", au "aje awaonyeshe wenzake hapa namna anavyosawazisha vifaa vya aina fulani", viza ya mgeni ya kawaida inaruhusu mambo hayo. Mfanyakazi wa kampuni ya nje anaweza kupokea mafunzo ya mbinu za kazi anazozihitaji kwenye ajira yake ya nyumbani na ambazo hazipatikani nchini kwake. Anaweza pia kushauri, kutatua tatizo, kufundisha, na kushirikiana ujuzi na wafanyakazi wa kundi hilohilo kwenye mradi maalumu wa ndani. Muda hauzidi miezi sita, mshahara wake uendelee kulipwa na Mtwara, na Aberdeen walipe gharama za safari na malazi tu.

Mpaka wa ruhusa hii ni mkali. Akipangwa kwenye zamu kuziba nafasi ya mtu aliye likizo, amekuwa mfanyakazi bila kibali. Akipelekwa kwa mteja kufanya kazi inayolipiwa, ambayo haina uhusiano na ajira yake ya Mtwara, ni vivyo hivyo. Kwa ombi lake andaa barua moja ya Mtwara na moja ya Aberdeen zinazotaja ratiba ya mafunzo wiki kwa wiki, jina la kifaa, kwa nini mafunzo hayapatikani Tanzania, nani analipa nini, na tarehe ya kurudi kazini. Ratiba ya wiki sita au nane yenye mambo ya kweli humshawishi afisa kuliko barua ya kurasa tano ya kumsifu. Ongeza slipu zake, ruhusa ya likizo au safari ya kikazi, na ushahidi wa familia na makazi yake hapa.

Kuna tawi jingine la Global Business Mobility liitwalo Graduate Trainee, ambalo huhitaji miezi mitatu tu ya ajira na mshahara wa kuanzia pauni 27,300. Nalitaja ili usipoteze muda nalo kwa fundi huyu: ni kwa wahitimu walio kwenye programu rasmi ya kuandaliwa kuwa wakuu au wataalamu, halizidi mwaka mmoja, na nalo linadai kazi ya ngazi ileile ya shahada. Lifikirie kwa wahandisi chipukizi mnaowaajiri kutoka vyuoni.

Turudi kwa mhandisi na makaratasi yake. Waraka wa kwanza unaouandika wewe ni barua ya uhamisho. Iseme kwamba ajira yake na kundi inaendelea bila kukatika, itaje kampuni zote mbili kwa majina yao ya usajili, cheo cha Aberdeen, anwani ya mahali pa kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa kwa wiki, mshahara kabla ya makato kwa pauni, kila posho iliyohakikishwa na kiasi chake, nani atalipa, na nafasi atakayorudia Mtwara. Aberdeen watajaza cheti cha udhamini kutokana na barua hiyo. Waombe wakutumie rasimu kabla hawajabonyeza, kisha isomeni watu wawili mkiwa na barua mkononi. Makosa yanayojirudia ni msimbo usiolingana na majukumu, saa 40 zilizoandikwa wakati mshahara umekokotolewa kwa 37.5, na anwani ya makao makuu badala ya karakana anakofanyia kazi.

Cheti kikishatoka kina uhai wa miezi mitatu, na ombi la viza halipelekwi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuanza kazi. Waombe Aberdeen pia waweke alama kwenye cheti kwamba wanadhamini matunzo yake ya mwanzo. Wasipoiweka, mhandisi lazima aonyeshe pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka, na nyongeza ya 285 kwa mke, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa wa pili. Kisanduku kimoja tu kwenye fomu kinamwokoa mtu na hangaiko hilo lote. Tawi hili halidai mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo mhandisi asikubali kuuziwa kozi na mtihani kwa ajili ya ombi hili.

Kabla ya kitu kingine kagua majina. Kwa watu wetu wa Pwani na Kusini hili ni shimo halisi. Pasipoti inasema Mohamed Salum, kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamedi Salumu, NSSF wameandika Mohamed S., benki imeanza na jina la ukoo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la baba bila la babu. Weka nyaraka zote mezani upande kwa upande, andika kila jina kama lilivyo herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kinachoweza kurekebishwa kwenye chanzo, kama kumbukumbu za kampuni, benki na NSSF, kirekebishwe kifuate pasipoti. Kisichowezekana kwa haraka kiandikiwe kiapo mbele ya wakili kinachotaja majina yote kuwa ni ya mtu mmoja. Jina kwenye cheti cha udhamini lifuate pasipoti, na si orodha yenu ya malipo.

Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe vya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa. Ndoa ya msikitini au kanisani ambayo cheti chake hakijawahi kusajiliwa isubiri usajili kwanza. Anza mapema, kwani hapa ndipo familia hubaki nyuma baba akitangulia. Mwenye wake wawili ajue anaweza kuombea mmoja tu. Waraka wowote ulio kwa Kiswahili, ukiwemo mkataba, uwe na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano.

Kwa kuwa anakaa zaidi ya miezi sita, mhandisi na familia yake wanahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kituo kinachotambuliwa na Uingereza, nacho kiko Dar es Salaam. Cheti kinadumu miezi sita. Hospitali ya Mtwara haiwezi kukitoa hata kama ina mashine nzuri ya eksirei. Kituo cha kupokea maombi ya viza, panapochukuliwa alama za vidole na picha, nacho kiko Dar. Panga mambo yote mawili yawe safari moja: kipimo mwanzoni mwa juma, alama za vidole mwishoni, ili majibu ya kipimo yawahi. Mtu akikutwa na dalili kwenye picha ya kifua, huchukuliwa makohozi na kuoteshwa, na majibu huchukua takribani miezi miwili. Ndiyo maana kipimo hakiachwi kiwe cha mwisho. Na kama ni masika, acha siku za ziada. Mei 2024 barabara ya Kusini ilikatika eneo la Somanga na magari yalikwama siku kadhaa. Miadi iliyolipiwa haisubiri daraja.

Uamuzi kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya alama za vidole. Ukijumlisha, leseni ikiwa tayari na majina yakiwa safi, waambie Aberdeen wahesabu miezi mitatu tangu leo. Leseni ikihitaji kuongezewa tawi au kuombwa upya, sema mitano. Tangu 15 Julai 2025 waombaji wakuu wa viza nyingi za kazi hupewa viza ya kielektroniki badala ya stika kwenye pasipoti, kwa hiyo mhandisi afungue akaunti yake ya uhamiaji ya Uingereza na kuiunganisha na pasipoti anayosafiria. Akibadilisha pasipoti kabla ya safari bila kuhuisha akaunti, anaweza kuzuiwa kaunta ya uwanja wa ndege.

Gharama zinawashtua wakurugenzi, bora uzipeleke mapema. Cheti cha udhamini kilikuwa pauni 525 kuanzia Aprili 2025. Tozo ya ujuzi, inayolipwa na mdhamini, tangu 16 Desemba 2025 ni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo. Kwa miaka mitatu kampuni kubwa inalipa 3,960, na ni marufuku kumkata mfanyakazi tozo hii. Ada ya viza isiyozidi miaka mitatu ilikuwa 769 kwa kila mtu kuanzia Aprili 2025. Kubwa kuliko zote ni ada ya afya, 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, inayolipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Kwa mhandisi, mke na watoto wawili ni 3,622 kwa mwaka, yaani pauni 10,866 kwa miaka mitatu kabla mtu hajapanda ndege. Andikeni kwenye barua ya uhamisho nani analipa ya familia. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, nyingi mwezi Aprili, hivyo zithibitishe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku ile unayolipa. Mke akifika ana ruhusa ya kufanya kazi, jambo ambalo familia nyingi hazilijui zinapopiga hesabu ya maisha ya Aberdeen.

Upande wa nyumbani kuna mambo mawili. Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kwa hiyo mwaka wa kuondoka na wa kurudi ndiyo ya hatari: mtu aliyekaa Tanzania siku 183 ndani ya mwaka anahesabiwa mkazi wa kodi hapa, na huku Uingereza nayo inamtoza kwa kazi aliyofanyia kule. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato inaruhusu kupunguziwa kwa kodi iliyolipwa nje, ila kwa ushahidi, basi atunze nyaraka za makato ya Aberdeen. Hifadhi ya jamii nayo ina utaratibu wake. Mfanyakazi aliyetumwa kwa muda na mwajiri wa nchi isiyo na makubaliano na Uingereza, kama yetu, kwa kawaida hachangii bima ya taifa ya kule (National Insurance) kwa wiki 52 za kwanza. Aberdeen walijue hili wasimkate mapema. Na NSSF: pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Malipo yakihamia Aberdeen na ninyi mkaacha kuchangia, mhandisi anapoteza miezi 36. Kubalianeni kwa maandishi kama kampuni ya Mtwara itaendelea kumchangia, na kwa mshahara upi.

Ombi likikataliwa, hakuna rufaa ya mahakamani kwa kosa la kawaida. Kuna mapitio ya kiutawala yanayoombwa ndani ya siku 28 kwa aliyeomba akiwa nje. Yanafaa pale afisa alipokosea kusoma ushahidi mliompa. Kama kosa lilikuwa kwenye cheti chenu, ombi jipya lenye cheti kipya ni haraka zaidi.

Mhandisi akiwa Aberdeen, viza yake imefungwa kwenye mwajiri yule, kazi ile na mshahara ule. Asipoanza ndani ya siku 28 za tarehe iliyokubaliwa, akipunguziwa mshahara, akihamishiwa majukumu ya msimbo mwingine au akiacha kazi, Aberdeen wana siku 10 za kazi kutoa taarifa. Muda wa juu kwenye tawi hili ni miaka mitano ndani ya kila sita kwa asiyefikia kiwango kile cha 73,900, nalo halielekei ukaazi wa kudumu. Mweleze hilo yeye na mkewe kabla hawajasaini. Na kuhusu fundi, waandikie Aberdeen leo wakupe ratiba ya mafunzo. Ombi la mgeni halihitaji leseni, cheti cha udhamini wala kipimo cha kifua kikuu, hivyo huenda akasafiri mapema kuliko mhandisi.